Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Hebu weka gazeti hili chini kidogo uitazame ncha ya kidole chako cha shahada. Ile nyama laini iliyo upande wa pili wa kucha, yenye mistari myembamba ya kuzunguka, ndiyo inayokuambia kama maji ya kumwogesha mtoto yamepoa, kama chumvi uliyochota imetosha, kama kitenge unachouziwa ni pamba kweli au umedanganywa. Umeme ukikatika ukiwa unachambua mchele, nyama hiyo ndiyo macho yako. Nayo hatuikumbuki hata kidogo, mpaka siku imeumia.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 20, na mingi ya miaka hiyo nimeitumia katika chumba cha kufunga vidonda, si mbali na Kariakoo. Siku za mapumziko hushirikiana na akina mama wa kanisa letu kuwatembelea wagonjwa majumbani. Kwa hiyo kidole kilichoumia nakiona mara mbili: kwanza kikiwa mezani kwangu, kinatoka damu, halafu nyumbani kwa mwenyewe, baada ya wiki kadhaa, wakati chakula kimeanza kupungua. Ni katika kuona huko mara mbili ndipo nilipojifunza jambo ninalotaka tuzungumze leo.

MIKONO YA KARIAKOO

Jina la Kariakoo lilitokana na maneno ya Kiingereza Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ni mahali palipopewa jina la watu wa kubeba, na mpaka leo ni mahali ambapo watu wanakula kwa jasho la mikono yao. Panapokuwa na mikono mingi kiasi hicho, vidole vitaumia.

Vinaumia namna gani? Mlango wa chuma wa fremu unateremka kwa kishindo kabla mtu hajaondoa mkono. Kijana wa juisi ya miwa anasukuma muwa wa mwisho kwenye mashine, na vidole vinafuata. Mama anakuna nazi kwa mashine ya umeme huku akizungumza na mteja. Huko Gerezani kwa mafundi wa mbao na vyuma, msumeno hauchagui. Kijana anaruka kutoka juu ya fuso, pete yake inanaswa kwenye ndoano, na ngozi ya kidole chote inavuka kama soksi. Nyumbani nako upepo unausukuma mlango wa chumba, na ncha ya kidole cha mtoto imebaki kwenye bawaba.

Mara nyingi mfupa haukuvunjika, au umevunjika kidogo tu. Kilichoharibika ni ngozi, nyama, kucha, kano na mishipa. Watu husema, "Ah, ni nyama tu, itaota." Wakati mwingine kweli inaota. Wakati mwingine haioti, na hapo ndipo maswali yanapoanza.

NDANI YA KIDOLE MNA NINI?

Jambo linalowashangaza wanafunzi wa uuguzi ni kwamba ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja. Misuli inayokunja na kunyoosha vidole ipo kiganjani na kwenye mkono, kati ya kiwiko na kifundo. Nayo huvivuta kwa kano, kama kamba ya ndoo inavyovutwa kutoka juu ya kisima. Pembeni mwa kila kidole, kulia na kushoto, hupita mshipa wa damu na mshipa wa fahamu. Yote hayo yamefunikwa kwa ngozi na mafuta kidogo tu. Ndiyo maana jeraha linaloonekana dogo laweza kufika mbali.

Ikiwa ncha ya kidole imekwanguka, mfupa hauonekani, na kidonda hakizidi upana wa sentimita 1 hivi, daktari aweza kusema tusafishe na kufunga tu, tungoje. Wazazi wengi hudhani wamepuuzwa. La hasha. Ncha ya kidole, hasa ya mtoto, ina uwezo wa ajabu wa kujijaza yenyewe ikitunzwa safi. Kucha nayo hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo iliyong'oka yaweza kuchukua nusu mwaka kurudi yote. Tusiwe na haraka kuliko Muumba.

Lakini mfupa au kano ikiwa nje, habari ni nyingine. Mfupa ulio uchi hukauka na kuoza. Ngozi ya kupandikiza iliyokatwa pajani au mkononi haishiki juu ya mfupa ulio uchi, kwa sababu haina damu ya kuilisha. Hapo kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuufupisha mfupa kidogo na kufunga ngozi juu yake. Ya pili ni kuleta ngozi iliyo hai, ngozi inayokuja na damu yake. Huo ndio upasuaji wa kurekebisha.

SI KUWEKEWA PLASTIKI

Upasuaji huu kwa Kizungu una jina lenye neno plastiki, na nimewahi kuulizwa na mgonjwa kama atawekewa kidole cha ndoo. Tulicheka wote wawili. Neno hilo limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni kufinyanga. Ni kazi ya mfinyanzi: kuchukua kilichopo mwilini na kukipa umbo tena.

Wengine husema hayo ni mambo ya matajiri wa Ulaya wanaotaka pua nzuri. Basi nikukumbushe habari ya hapa kwetu. Shirika la AMREF, ambalo wengi tunalijua kwa madaktari wake waliosafiri kwa ndege ndogo kwenda vijijini, lilianzishwa mwaka 1957 na wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, na mipango yake ilianza kuzungumzwa huko kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile. McIndoe ndiye aliyewatibu marubani walioungua nyuso na mikono katika Vita Kuu ya Pili. Watu hao hawakuuona upasuaji huu kuwa ni urembo. Waliuona ni kumrudisha mtu kazini na kwa watu wake.

Kwa ncha ya kidole zipo njia kadhaa. Jeraha likiwa limekata ncha moja kwa moja kwa upana, mpasuaji anaweza kuchora herufi V kwenye nyama iliyobaki, akaisogeza mbele, na akishashona mshono huonekana kama herufi Y. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mkono ukiwa umechunika eneo kubwa, mpasuaji huweza kuushona kwenye kinena, ukanyonya damu ya huko kwa wiki mbili au tatu. Njia hii ilielezwa na wapasuaji wa Uingereza mwaka 1972 na ingali inatumika. Na nyama ya upande wa kiganja ikiwa imeondoka huku kucha imebaki, ipo njia inayonigusa moyo kuliko zote: kidole jirani kinakopesha ngozi yake.

Inafanyika hivi. Ngozi ya mgongo wa kidole cha jirani huinuliwa kama jani la kitabu, upande mmoja ukiachwa bila kukatwa ili damu ipite. Jani hilo hufunuliwa na kushonwa juu ya kidole kilichoumia. Pale ilipotoka, panapandikizwa ngozi nyembamba kutoka mahali pengine. Vidole viwili hukaa vimeshonwa pamoja kwa wiki mbili hadi tatu. Kilicho kizima kinamlisha mgonjwa kwa damu yake, hadi mgonjwa aote mishipa yake mwenyewe. Ndipo hutenganishwa.

FUNDI WETU

Miaka michache iliyopita, mwanzoni mwa Desemba, aliletwa chumbani kwangu fundi cherehani, mama wa watoto wawili. Sitamtaja jina. Mlango wa chuma wa fremu yake ulikuwa umemwangukia kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Majirani walikuwa wamemmiminia kahawa ya unga kuzuia damu, wakamfunga kwa kipande cha kanga. Ilinichukua muda mrefu kuiosha kahawa ile kwa maji ya chumvi. Ilipotoka, nyama yote ya ncha upande wa kiganja haikuwepo, na mfupa ulionekana mweupe kama punje ya mchele. Kucha ilikuwa salama.

Alichomwa sindano ya pepopunda, akapigwa picha, akapelekwa kwa mtaalamu. Mimi nilimfuata jioni, kama nesi na kama mtu wa jumuiya moja. Daktari alikuwa ameeleza njia zote mbili, na kaka yake alikuwa amekwisha kuchagua.

"Sista," aliniuliza, "wakikata hicho kidogo kilichobaki, anapona kwa siku ngapi?"

"Jeraha laweza kufunga katika wiki mbili hivi."

"Na huko kushona kidole kwa kidole?"

"Vinakaa vimeshonwa wiki mbili mpaka tatu. Halafu vinatenganishwa. Halafu mazoezi, na hayo ni miezi."

"Basi wakate. Januari haimngojei mtu."

Msomaji, usimhukumu kaka huyu haraka. Kodi ya fremu alikuwa amemdhamini yeye. Dada yake alikuwa amekwisha kupokea fedha za kitangulizi za sare za shule, na kila mtu Dar es Salaam anajua Januari ni nini kwa mzazi na kwa fundi. Zaidi ya hayo, kulikuwa na sare za kwaya za Krismasi zilizokwisha kukatwa. Alipiga hesabu kama mwanaume mwenye majukumu.

Fundi alikuwa kimya. Mwishowe akasema taratibu, "Kaka, mimi kitambaa nakisoma kwa kidole hiki."

Hakuna aliyemjibu. Lakini mimi nilielewa kwamba amesema jambo ambalo daktari mwenyewe angetaka kulijua kabla ya kushika kisu. Kwa maana kidole hakipimwi kwa urefu tu; hupimwa kwa kazi kinayofanya, na kazi hiyo anaijua mwenye kidole.

SIKU NDIZO DAWA

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Daktari alikuwepo. Nyuzi na ganzi vilikuwepo. Hospitali kubwa haziko mbali na Kariakoo: Muhimbili iko pale Upanga, na ndani ya eneo lake iko Taasisi ya Mifupa, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Kilichokosekana hakikuwa kwenye kabati la dawa. Kilichokosekana ni siku. Upasuaji wa kurekebisha unadai siku, na mtu wa kipato cha kutwa hana siku. Ana leo tu. Ndiyo sababu niliyoiona miaka yote bila kuipa jina: vidole vingi hukatwa si kwa sababu haviwezi kuokolewa, bali kwa sababu mwenyewe hawezi kukaa.

Kesho yake niliwaeleza akina mama wa jumuiya. Walianza, kama ilivyo desturi yetu, kuzungumzia mchango. Mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa mkekani akasema, "Mchango utaliwa kwa siku tatu. Huyu anahitaji watu wa kushona."

Basi tukagawana. Miongoni mwetu walikuwamo watatu wenye cherehani nyumbani. Mmoja alichukua sare za kwaya, wawili sare za shule. Mwingine, aliyejua kuzungumza na wateja, alikaa fremu kutwa nzima. Mwingine alikuwa akipitia asubuhi kumfulia, kumsuka binti yake na kumwogesha mdogo, kwa sababu mkono wenye vidole vilivyoshonwa hauingii majini. Mimi nilisimamia kidonda. Kaka alipoona fremu inafunguliwa kila siku, hakusema neno tena juu ya kukata.

Haikwenda shwari yote. Kola za mashati kumi zilifumuliwa na kushonwa upya. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kwa hasira. Wawili walikosana juu ya fedha za nyuzi, na mzee yule yule wa mkekani akawapatanisha. Usiku fundi hakulala vizuri, maana kuwa na vidole viwili vilivyofungwa pamoja kunachosha kama kubeba mtoto asiyeshuka. Harufu ya bandeji katika joto la Desemba nayo ni msalaba. Kuna siku aliniambia, "Sista, ningekubali wakate." Sikumhubiria. Nilibadilisha bandeji, nikamwonyesha rangi ya ngozi mpya, nikamwambia bado siku tisa.

Siku ya 18 vilitenganishwa.

BAADA YA HAPO

Nisikudanganye kwamba kila kitu kilirudi kama zamani. Ngozi ya mgongo wa kidole kwetu Waafrika ni nyeusi kuliko ya kiganja, kwa hiyo ncha ya kidole chake ina kiraka cheusi, na watoto wa mtaani humuuliza. Kidole kilichokopesha nacho kina alama mgongoni. Vyote viwili vilikuwa vikavu kama kuni, na ilibidi avikunje na kuvinyoosha mara nyingi kwa siku, huku machozi yakimtoka, kama alivyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hapa wagonjwa wengi huharibu: mshono ukishapona hudhani kazi imekwisha, wanaacha mazoezi, na kidole kinaganda.

Hisia nazo hurudi polepole. Mishipa ya fahamu hukua kama milimita 1 kwa siku, na mara nyingi hisia hairudi yote. Tulimfundisha kukizoeza kidole: achambue mchele kwa kidole hicho, ashike pamba, nailoni na jinzi akiwa amefumba macho na kuvitaja. Mwanzoni vyote vilikuwa kitu kimoja. Kufikia mwezi wa sita aliweza kutofautisha pamba na nailoni. Chupa ya soda baridi bado humuuma. Lakini anakata, anashona, na anapopitisha kitambaa chini ya sindano anajua kilipo bila kuinama.

Kuhisi huku si jambo dogo. Daktari Paul Brand, aliyezaliwa India mwaka 1914 kwa wazazi wamisionari, alifanya kazi katika hospitali ya Kikristo ya Vellore akirekebisha mikono ya wagonjwa wa ukoma. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba vidole vya wagonjwa wale havikuwa vikianguka vyenyewe kwa kuoza, kama watu walivyodhani. Viliharibika kwa sababu havikuhisi maumivu. Mtu alishika sufuria ya moto asijue, akajikata asijue. Kwa hiyo alifundisha watu kushukuru kwa maumivu. Kidole kisichohisi ni kama nyumba isiyo na mbwa wala jirani.

KUKATA SI KUSHINDWA

Nisije nikaeleweka vibaya. Si kila kidole kinapaswa kurekebishwa kwa njia ndefu. Kijana mmoja wa kubeba mizigo alipondwa ncha ya kidole cha mwisho na kasha. Alielezwa njia zote, akafikiri, akaomba kifupishwe. Baada ya wiki chache alikuwa kazini, na hakijamsumbua mpaka leo. Alichagua vyema. Pia mtu mwenye umri mkubwa ambaye viungo vyake vimeanza kukakamaa anaweza kupata hasara kubwa zaidi kwa kufungwa vidole viwili pamoja. Na kidole kilichopondwa kabisa, mwenyewe akiking'ang'ania, hubaki mkononi kama mgeni asiyefanya kazi.

Tena, wengi huniuliza kuhusu kipande kilichokatika kurudishwa. Inawezekana. Huko Japani, mwaka 1965, wapasuaji waliunganisha kidole gumba kilichokuwa kimekatika kabisa, kwa kushona mishipa midogo ya damu. Lakini kazi hiyo inahitaji hadubini na mikono iliyozoea, na haifanyiki kila mahali. Hata hivyo, kipande chako kilete. Hata kisipounganishwa, ngozi yake au kucha yake yaweza kutumika.

Neno langu ni hili tu: uamuzi ufanywe kwa kuitazama kazi ya kidole na maisha ya mwenyewe, usifanywe na njaa ya wiki tatu.

MAMBO YA KUKUMBUKA NYUMBANI NA SOKONI

1. Toa pete mara moja, kabla kidole hakijavimba. Na wanaopanda magari ya mizigo au kutumia mashine wavue pete kabla ya kazi. Ndoa haiko kwenye pete.

2. Osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka. Kisha kandamiza kwa kitambaa safi, uinue mkono juu ya moyo, ungoje bila kuchungulia kila mara.

3. Usitie kahawa, majivu, dawa ya meno, mafuta ya taa wala petroli. Vyote hivyo huua nyama ambayo ingeokolewa, na huficha jeraha.

4. Usifunge kidole kwa mpira au kamba ya kukaza. Nimepokea kidole kilichokufa kwa kamba, si kwa jeraha.

5. Kipande kilichokatika kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge vizuri, kisha weka mfuko huo ndani ya maji yenye barafu. Barafu isiguse nyama yenyewe.

6. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Uliza juu ya sindano ya pepopunda. Kama umeng'atwa na mtu katika ugomvi, usione aibu kusema. Meno ya binadamu yana sumu ya vijidudu kuliko msumari.

7. Muulize daktari mambo matatu: Mfupa au kano vinaonekana? Kuna njia gani zaidi ya moja? Kila njia itanichukua siku ngapi? Kisha umweleze kazi unayofanya.

8. Ukiambiwa fanya mazoezi, yafanye. Ni nusu ya upasuaji.

WENYE KISUKARI, SIKILIZENI

Kwa mwenye kisukari, kidole hakina jeraha dogo. Mwaka 2002 ilichapishwa huko Marekani taarifa kutoka hapa hapa Dar es Salaam, juu ya wagonjwa wa kisukari waliotibiwa mikono kati ya mwaka 1998 na 2002. Mambo yalianza kwa vitu vidogo, mchubuko au kung'atwa na mdudu, na yakaishia kwenye uvimbe, usaha, hata kupoteza kidole au mkono. Madaktari wameyapa maradhi hayo jina la mkono wa kisukari wa nchi za joto. Mama mwenye kisukari aliyechomwa na mwiba wa samaki, na kidole kikaanza kuvimba, asingoje kesho na asijitibu kwa maji ya moto. Aende siku hiyo, na akiwa huko apimwe sukari. Hali kadhalika mtu ambaye vidonda vya vidole haviponi kwa wiki kadhaa, na hajawahi kupima, na apime.

TUKOPESHANE

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Waliona mbali, maana hata kuponya kidole kimoja kunahitaji cha pili. Kidole kizima kinatoa ngozi yake, kinakubali alama mgongoni, kinakaa kimefungwa wiki tatu pasipo kosa lolote, hadi mwenzake aweze kuishi kwa damu yake mwenyewe. Kisha wanaachana, kila mmoja anarudi kazini. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya viungo vya mwili mmoja. Mimi huisoma sura ile nikikumbuka vidole vile viwili.

Basi akina mama wenzangu, jumuiya zetu zina utaratibu mzuri wa misiba. Mtu akifa, hatulali. Sufuria zinapatikana, viti vinapatikana, na zamu za kupika zinapangwa kabla jua halijazama. Je, hatuwezi kuwa na utaratibu huo huo kwa mtu aliye hai ambaye anahitaji wiki tatu tu? Andikeni katika daftari la jumuiya nani anajua kushona, nani anaweza kukaa gengeni, nani anaweza kupika uji wa kuuza asubuhi, nani anaweza kumpeleka mtoto shuleni. Siku mlango utakapoteremka juu ya kidole cha mmoja wenu, msianze kwa kuuliza kila mmoja atatoa shilingi ngapi. Ulizeni daktari amesema siku ngapi, kisha mzigawane.